Neno la Mlalamikaji

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu na mawe mawili, mbele ya kibanda cha fundi cherehani wanayemwita Uzi kwa wembamba wake. Kina sheria zake, tena kali: ukitoa siri ya mwenzio hukai, unakunywa kahawa umesimama mpaka usamehewe. Asubuhi hiyo Redio, dobi wa jirani, alikuwa amesimama, kama kawaida yake. Afande, askari magereza mstaafu, alikuwa amejitanua kwenye benchi. Uzi mwenyewe alikuwa akipinda suruali ya mteja kwa mkono, maana mpwa wake, mtoto wa dada yake wa pekee, aling'oa kichwa cha cherehani akaenda kukiuza, na hakikuonekana tena. Kijana alikamatwa, akakiri. Kesho hakimu anatoa adhabu, ila kwanza atamuuliza mlalamikaji kama ana neno la kusema. Mlalamikaji ndiye Uzi, na neno hana. Wiki nzima amelitafuta bila kuliona.

— Sema afungwe, alisema Afande akipuliza kahawa. Miaka mitatu. Akitoka huko, hata kibiriti cha mtu hagusi.

— Wewe umelinda wafungwa miaka mingapi? aliuliza Redio.

— Maisha yangu yote ya kazi.

— Na waliotoka walikuwa hawarudi?

Afande alikohoa kidogo.

— Wapo waliorudi.

— Wengi?

— Wengine nikiwapokea getini wananiuliza, afande, watoto hawajambo?

Kicheko kikapanda. Uzi naye alicheka, kisha akajichoma sindano kidoleni.

— Sasa hiyo mitatu ya nini? Redio aliendelea.

— Ya kuwatisha wengine! Jela si ya aliye ndani tu, ni ya huyu wa nje anayepiga mahesabu. Adhabu ni fundisho, bwana.

— Fundisho gani? Mimi hapa nimesimama tangu Jumatatu kwa kusema mambo ya ndoa ya kinyozi. Wapita njia wote wananiona. Nimekoma?

— Hujakoma, alidakia Mama Kahawa, birika mkononi. Jana umenihadithia ya mwenye nyumba.

— Haya. Na nyinyi mnaonitazama mmejifunza nini? Hiyo ya mwenye nyumba kaniambia kinyozi mwenyewe!

Afande akakubali kushuka bei, lakini kwa shingo upande.

— Basi kifungo cha nje. Akae kwao, akikosea tena tu, ndani.

— Kwao ndiko huku, alisema Mama Kahawa. Ataiba tena hapahapa. Mimi nasema apewe huduma kwa jamii. Afagie soko mwaka mzima, kila mtu amwone na ufagio wake.

— Afagie? Huyo apewe soko alilinde! Redio alisema. Nani anajua milango mibovu kumshinda yeye? Wezi wote wawe walinzi, na walinzi tuwapumzishe, si wanalala tu.

— Na walinzi wakianza kuiba? aliuliza Afande.

— Tunawafanya askari magereza.

— Wewe dobi, chunga mdomo!

— Aozeshwe, alisema Mama Kahawa. Nina mpwa wangu mmoja wa kike, akishika mtu, hata kupumua anaomba ruhusa. Hicho ni kifungo na malezi pamoja.

— Mimi nimeoa mara mbili, alisema Afande, na tabia zangu zote ninazo.

— Basi tufungwe mtaa mzima, siku moja tu, Redio alisema, sauti ikipanda. Waadilifu tutapiga kelele. Atakayenyamaza ndiye mwizi, kashazoea!

— Nyinyi mnacheka, alisema Uzi.

Hakusema kwa ukali, lakini birika lilitua chini.

— Nikisema afungwe, dada yangu hatakanyaga kwangu mpaka nife. Nikisema aachiwe, mtaa utaniona boya, na kila siku atapita hapa namwona. Na hasira ninazo. Msinione nimeinamia suruali hii, ninazo. Nimemfundisha mwenyewe hata kutunga uzi, halafu anitende hivi.

Hapo pazia la kibanda likasogea. Mwenye suruali, dereva wa lori asiyemjua mtu pale, alitoa kichwa. Alikuwa anasubiri ndani amejifunga kipande cha kitambaa cha Uzi.

— Samahani, wazee wangu. Nawasikia tangu nimeingia. Yeye mwenyewe anasemaje?

— Nani?

— Huyo kijana. Aliuza cherehani ya mjomba wake kwa sababu gani?

— Alikiri, alisema Afande.

— Kukiri nimesikia. Nauliza sababu.

Afande alimtazama Mama Kahawa, Mama Kahawa akamtazama Redio. Redio, anayejua nani kala nini mtaa wa tatu, akachungulia kikombe chake. Kijiwe kilikuwa kimemhukumu kijana kila asubuhi tangu akamatwe, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Mahakamani Uzi alikuwa akitazama ukuta ili macho yao yasikutane.

Alikumbuka siku alipofungua kibanda akakuta meza haina kichwa. Gauni la mteja lililokuwa chini ya sindano lilikuwa limetolewa taratibu, likakunjwa vizuri, likawekwa kando lisichafuke. Hakumwambia mtu, hata polisi. Gauni lile lilimuumiza kuliko wizi wenyewe, na mpaka leo hajui kwa nini.

Akakata uzi kwa meno, akampa dereva suruali yake juu ya pazia.

— Afande, leo wanaruhusu kuwaona mahabusu?

— Mpaka saa tisa. Chukua sabuni na dawa ya meno, vingine hawapokei. Lakini wewe mlalamikaji, bwana. Getini watakuuliza wewe ni nani wake. Ukisema mlalamikaji, watakurudisha.

Uzi alikuwa ameshasimama, anatafuta kofia yake iliyokuwa kichwani.

— Mjomba, alisema. Nitawaambia mimi ni mjomba wake.