Mama Subiri na Dirisha la Kusasisha

Tarehe 30 Juni, Mama Subiri anakabidhi funguo za masjala ya kliniki yetu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Alianza na taipureta, akahamia kwenye kompyuta shingo upande, na hadi leo hufunika kibodi yake kwa kitambaa kama chakula cha mgonjwa.

Jina hilo alilipata miaka sita iliyopita. Jumanne asubuhi, akitafuta fomu za chanjo mtandaoni, dirisha lilimrukia usoni likidai kivinjari chake, programu ya kufungulia mtandao, kimepitwa na wakati, asasishe mara moja. Nembo ilikuwa ileile tuliyoizoea. Akabonyeza, faili likashuka, akalifungua. Kumbe lilikuwa na kirusi; muda si mrefu kadi za wajawazito zilizomo kwenye kompyuta zikaanza kugoma kufunguka, moja baada ya nyingine.

Wengi wetu tungejifanya hatujui. Yeye alichomoa waya wa mtandao, akapita chumba kwa chumba, viatu mkononi, akitangaza kwamba ameharibu na kila mtu achomoe wake. Kompyuta nne zikapona. Yake na nyingine moja zilikufa, na kwa wiki tatu aliziandika upya kadi zile kutoka kwenye madaftari, bila kumnunia mtu.

Tangu hapo kila mfanyakazi huketishwa kwenye kiti cha Mama apewe somo. Sasisho la kweli halitoki kwenye ukurasa wowote unaoutembelea mtandaoni. Litafute ndani ya mipangilio ya kivinjari chenyewe. Ukiharakishwa, subiri. Faili likishuka bila wewe kuliomba, usilifungue, mwite fundi. Na kama umeshalifungua, sema. Mwezi uliopita daktari mkuu, ambaye hata foleni ya chai hasubiri, alimpigia simu kuuliza kama abonyeze. Hakubonyeza.

Sasa niseme langu, mimi ninayeandika. Ile kompyuta nyingine ilikuwa yangu. Nilibonyeza dirisha lilelile Jumatatu, siku moja kabla yake, nikanyamaza kwa aibu. Fundi aligundua hilo alipozikagua kompyuta, na Mama alisoma ripoti yake. Hakuniuliza kitu. Alichofanya ni kuniketisha mimi wa kwanza kwenye kiti kile, akarudia neno la mwisho la somo mara mbili.

Mama, asante kwa kadi zote ulizoandika upya, zikiwemo zangu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wajukuu wasiobonyeza ovyo. Nimechukua miaka sita, lakini leo nimesema.