Slabu ya Siku Kumi na Moja

Baba Mchungaji, Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, wazee wa kanisa, viongozi wa kina mama, jirani yetu Mzee Magan na jamaa yako mliofunga duka leo ili mkae nasi, Mama Asenath, Mzee Muthama Ndete ambaye tumekusanyika hapa kwa ajili yako, na ninyi nyote ndugu wapendwa wa Kayole na Komarock, nawasalimu kwa jina la Bwana.

Ratiba mliyo nayo mkononi inasema kwamba mimi, Kalekye Nzivo, karani wa kanisa, nitatoa neno la shukrani kwa Mzee Muthama anayestaafu na kurudi kwao Mwingi. Nilikuwa nimeliandika. Kurasa mbili, na nimeziacha nyumbani. Nitakayosema badala yake Mchungaji anayajua tangu jana, Mama Asenath anayajua tangu Alhamisi, na Mzee Muthama ameyajua kwa miaka kumi na miwili. Ninyi wengine mtayasikia sasa, na nawaomba mnivumilie hadi mwisho.

Vijana wengi hapa wanamjua Mzee Muthama kama keateka, mzee anayefungua lango, anayefagia, anayewakemea wakikimbia juu ya maua. Hamjui kwamba alikuwa fundi wa mawe, na mmoja wa mafundi waliotegemewa sana upande huu wa mji. Ukuta wake ulikuwa hauhitaji kupimwa mara ya pili. Kanisa lilipoamua kujenga jumba la kwanza, lile lenye roshani ya kwaya, hatukutafuta mtu mwingine. Alikuwa mwenzetu, mkewe Lenah aliimba sauti ya tatu, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ufunguzi.

Slabu ya roshani, yaani sakafu yake ya zege, ilimwagwa Jumatatu. Mvua ilikuwa imetuchelewesha, na Askofu alikuwa ameshakubali kuja kutuombea Jumapili ya wiki iliyofuata. Mnajua slabu ikimwagwa hushikiliwa kwa chini na nguzo za mbao hadi ikomae. Ukumbi wetu ulijaa nguzo hizo, nafasi ya viti haikuwapo, na mimi nilikuwa nimealika watu mia nne. Alhamisi ya wiki ile ya ufunguzi nilimwita Muthama nikamwambia atoe nguzo zote siku itakayofuata, tupange viti.

Akakataa. Alikataa kwa heshima, kofia mkononi, akanieleza kwamba slabu ile bado ilikuwa changa, kwamba yeye huiacha hadi wiki ya nne, na kwamba tukitaka Askofu atuombee chini ya turubai pale nje. Nilimsikiliza, kisha nikamjibu maneno ambayo sijawahi kuyatamka tena hadi wiki hii.

Nilimwambia, "Muthama, imani yako iko wapi? Anayeshika nyumba hii ni Mungu, si mbao zako."

Ndugu zangu, mtu mcha Mungu atajibu nini akiulizwa hivyo na kiongozi wa kanisa lake? Alivaa kofia, akaondoka. Ijumaa akatoa nguzo. Slabu ilikuwa na siku kumi na moja. Ilisimama, nami nikawaonyesha kina mama, nikasema tazameni, huyo ndiye Mungu wetu.

Jumamosi saa tisa kwaya ilipanda kufanya mazoezi ya mwisho. Mimi nilikuwa nje nikipokea viti vya kukodi. Nilisikia kitu kama lori linalomwaga kokoto, kisha vumbi likatoka milangoni. Waliokuwa juu ni watu kumi na wanne. Kumi na wawili walitoka wakiwa hai, wengine wamevunjika miguu na mikono. Mwalimu wetu wa kwaya, Oketch, mume wa Mama Asenath, hakutoka akiwa hai. Binti yangu Kasiva, wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa aanze chuo cha ualimu Mei, hakutoka akiwa hai.

Mzee Magan, wewe na wapagazi wako mlikuwa wa kwanza kufika. Mlikuja na jeki za malori, mkainua zege, mkaingia chini yake hali mkijua linaweza kushuka tena. Kanisa hili halijawahi kukushukuru mbele ya watu. Leo nakushukuru.

Muthama naye alichimba kwa mikono hadi vidole vikawa vinavuja damu. Yeye ndiye aliyemfikia Kasiva. Alimtoa, akamlaza juu ya shuka langu, akapiga magoti kando yake. Hapo ndipo askari walipofika, na mmoja wao akauliza ni nani aliyetoa nguzo.

Muthama akasema, "Ni mimi niliyezitoa."

Askari akamuuliza ni nani aliyemwagiza. Muthama akanitazama. Nilikuwa nimeketi chini, kichwa cha mtoto wangu mapajani. Akarudia, "Ni mimi niliyezitoa." Na mimi nikanyamaza.

Siku ile labda mngenisamehe kunyamaza. Je, na kesho yake? Na siku nilipoandikisha taarifa yangu, nikasema sijui mambo ya ujenzi? Na siku ile mahakamani, alipokiri kosa mbele ya hakimu, nami nimeketi benchi la mbele na kitambaa cheusi kichwani, watu wakinishika mabega? Alihukumiwa miaka mitatu. Baadhi yetu hapa walisema ni michache. Mimi pia nilisema.

Mwaka wa pili wa kifungo chake Lenah aliugua, akafariki. Muthama hakumzika. Tanzia ile iliyosomwa hapa, ambayo wengi mliisifu kwa uzuri wake, niliiandika mimi.

Baada ya mazishi yale sikuweza kula, nikaenda gerezani kumwona. Nilitaka anitukane. Nilimkuta amekonda, akaniuliza habari za miguu yangu, maana alikumbuka inanisumbua. Nikamuuliza ni kwa nini hakunitaja. Akasema nguzo hazikutolewa na maneno yangu, zilitolewa na mikono yake, na fundi aliyejua slabu ni changa alipaswa kukataa hata kama angefukuzwa kanisani. Hilo, alisema, alilikiri kwa sababu ni kweli. Kuhusu sehemu yangu, nayakumbuka maneno yake moja baada ya jingine.

"Mama Kasiva, ulikuwa umempakata mtoto. Sikuweza kukuongezea. Lakini sikukufungia mlango. Siku utakayotaka kusema, sema, usiniulize mimi."

Niliondoka pale nikiwa nimesikia nusu tu. Nilisikia kwamba amenihurumia, nikaichukua huruma yake kama ruhusa ya kuendelea kunyamaza.

Alipotoka, wazee hawakutaka aingie ibadani. Alikaa nje, juu ya matofali yaliyobaki, Jumapili baada ya Jumapili, miezi saba. Mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao nikaomba aruhusiwe, apewe kazi ya keateka. Na ninyi mkalia machozi. Mkasema, tazameni mama huyu, amemsamehe aliyemuua mtoto wake. Mmenialika kwenye makongamano ya kina mama, Makadara, Machakos, hata Mombasa, nikafundishe msamaha. Nimekwenda. Nimepewa leso na vyeti. Miaka minane nimesimulia jinsi nilivyomsamehe mtu ambaye kila asubuhi alinifungulia lango na kuniambia, "Umeamkaje, mama?"

Mlitaka leo nimsifu. Haya. Tulipojenga jumba hili jipya, lisilo na roshani wala slabu, Muthama alikuja Jumapili ya kwanza alfajiri, akaketi katikati yake peke yake kwa saa nzima kabla ya mtoto yeyote kuruhusiwa kuingia. Nilimuuliza anafanya nini. Alisema anamshukuru Mungu kwa walio hai, na kwamba kumtumaini Mungu hakumzuii kuangalia mabati. Amefanya hivyo kila Jumapili tangu siku ile. Mimi nilikuwa nimemtumia Mungu kumnyamazisha fundi. Yeye alibaki na Mungu yuleyule, akamtumikia kwa ufagio, na uchungu sikuuona usoni mwake hata siku moja. Nimesoma Biblia mbele yenu miaka thelathini. Nilichokielewa juu ya upendo nilikielewa kwa kumtazama mzee huyu, na kadiri nilivyokielewa ndivyo nilivyozidi kumwogopa.

Alhamisi nilikwenda Komarock kwa Mama Asenath. Nilimweleza yote haya. Hakulia. Alifungua mlango, nikatoka. Leo nimemwona ameingia, ameketi safu ya tatu. Mama Asenath, sijui umekuja kusikiliza nini, na sitakuomba unisamehe mbele ya umati, maana najua jinsi umati unavyoweza kumlazimisha mtu. Umekuja, na hilo tu limenifanya nisikimbie.

Jana nilimkabidhi Mchungaji vitabu na mhuri wa karani. Jumatatu asubuhi nitakwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa nyingine, ya kweli. Watakalofanya ni lao. Nimeambiwa kwamba kesi ni ya zamani na pengine hakuna atakayeijali, lakini jina la Muthama Ndete limeandikwa mahali peke yake, na haikuwa haki likae peke yake.

Mzee Muthama, nilikutafuta jana uwanjani ukifunga mizigo, nikakwambia nitasema. Uliweka kamba chini, ukaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Ukanikatia nusu ya mkate wako, tukala tumesimama. Hukunipongeza, na nakushukuru kwa hilo. Nenda nyumbani kwa amani. Kaburi la Lenah huko kwenu nimelitaja mbele za Mungu kila siku, lakini wewe ndiye utakayelitunza, na miaka uliyonyimwa kando yake siwezi kuirudisha. Hakuna wa kuirudisha.

Ndugu zangu, sina mafundisho ya kuwapa. Binti yangu alikuwa na sauti nzuri, na Mwalimu Oketch alimfundisha kwa subira, na wote wawili wangekuwa wameketi hapa.

Nawashukuru kwa kuketi hadi neno hili la mwisho. Sasa nitashuka, na anayetaka kuniambia lolote, nitakuwa pale mlangoni.