Majina Yaliyotazamishwa Ukutani

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti yake wa kwanza, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, mchonga mawe mliyemzoea kwa jina la Fundi Herufi, na nitayasoma yote, hata yale niliyoombwa asubuhi hii niyaruke.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, wa pili kati ya ndugu wawili, akamaliza darasa la saba mwaka 1965, kisha akajifunza uchongaji kwa mjomba wake, ambaye mwaka mzima hakumruhusu kugusa patasi, kazi yake ikawa kupiga mistari ya penseli tu.

Kaka yake alikwenda vitani, hakurudi, wala mwili wake haukuletwa. Mwaka 1981 baba akapewa kazi ya kuchonga mnara wa mashujaa katika uwanja wa ofisi ya serikali, majina arobaini na moja, kwa mkono, miezi saba, la kaka yake akaliacha la mwisho.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 14 Agosti 1982, wakajaliwa watoto watatu, na sote tulijifunza kusoma pale mnarani, tukifuatisha herufi kwa kidole.

Februari 2011 mnara ulisogezwa kupisha maegesho ya magari ya wakubwa, ukasimamishwa kinyumenyume, majina yakatazama ukuta wa choo, na upande uliobaki mbele ukachongwa jina la bosi aliyezindua maegesho. Baba aliandika barua kumi na nne, akajibiwa na ofisi kwamba suala linashughulikiwa, kumbe wanamzungusha tu, na kila mwaka siku ya kuwakumbuka mashujaa wakaweka maua mbele ya jina la mtu aliye hai, anayekula na kushiba! Inatuuma, na sioni haya kulisema. Kila Jumamosi baba alijipenyeza kiubavu nyuma ya jiwe kusugua majina, akitutania kwamba ndiyo maana hanenepi.

Mwaka 2019 iligundulika kwamba vumbi la mawe limeharibu mapafu yake, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 9 Juni 2022, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliopokezana kumshusha ngazi, na mafundi wenzake waliomchimbia kaburi. Ofisi nayo imeleta shada kubwa la maua, tumelipokea, ila halitakaa hapa, tukitoka makaburini tunalipeleka nyuma ya mnara, na kwa kuwa halipiti likiwa zima, tutalifumua tupitishe ua moja moja, kila jina lipate lake.

Baba, pumzika kwa amani.