Swali la Mama Ehe Lililofutwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeishi kwa kuuliza. Wenzake walimwita Mama Ehe. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Nawaomba radhi mapema, maana kipindi hiki nimekiandaa kwa kinyaa na sitakificha.

Miaka ishirini na sita Mama Ehe alipita nyumba hadi nyumba akihoji watu kwa ajili ya utafiti. Aliketi kwenye ngazi, kwenye ndoo iliyopinduliwa, popote alipokaribishwa. Mtu akisema jambo, yeye hutulia kidogo, kisha: "Ehe?" Basi, mtu anaendelea. Mumewe, fundi viatu, anasema hata yeye alinaswa hivyo hivyo. "Nilikwenda kwake na sentensi mbili za mapenzi," anasema. "Kwa ehe zake, nikajikuta nimekiri hadi kwamba nakoroma."

Kisha ofisi yake ya utafiti ikaleta mashine. Mashine inapiga simu, inauliza, inasikiliza, inauliza tena. Mama Ehe akatolewa barabarani, akapewa meza na kazi moja: kuiandikia mashine maswali ya kufuatilia. Yaani mtu akishajibu, aulizwe nini ili aendelee. Hakuichukia kazi hiyo. Alisema chombo hakina kosa, kosa ni la anayekituma.

Ofisi ilikuwa na kanuni. Jibu likiwa chini ya maneno matano, mashine iombe maelezo. Siku moja akasikiliza rekodi. Mama mmoja anahojiwa kuhusu huduma za kliniki. Anaulizwa mtoto wake anaendeleaje baada ya matibabu. Akajibu: "Alifariki." Neno moja. Mashine nayo, kwa sauti tamu: "Asante kwa jibu lako. Unaweza kufafanua zaidi?" Kimya. "Tafadhali toa mfano."

Mama Ehe aliinuka, akaenda chooni, akatapika. Sitii chumvi. Mfanya usafi ndiye aliyemshika mabega.

Aliporudi mezani akaandika swali jipya. Mtu akitaja msiba, mashine impe pole, inyamaze, kisha iulize: "Ungependa tumzungumzie, au tuishie hapa?" Mkuu wake akalikataa. Alisema watu watataka kuishia hapo, na mahojiano yatabaki nusu nusu. Mama Ehe hakubishana. Akamuuliza mkuu huyo, baba yako mzazi anaendeleaje? Jibu alikuwa analijua. Mkuu akasema alifariki.

"Asante kwa jibu lako," Mama Ehe akamwambia. "Unaweza kufafanua zaidi?"

Mkuu aliinamisha uso. Mchana ule ule swali likaingizwa kwenye mashine.

Likadumu miezi saba. Mama Ehe akaugua ini, akalazwa. Hata wiki mbili hazijaisha, swali likafutwa. Nasema tena, lilifutwa, na sababu ni ile ile: mahojiano yalikuwa yanakatika. Aliyelifuta ni mkuu yule yule, aliyemzika baba yake. Nimetafuta neno la adabu la kumwita, nimelikosa.

Mdogo wake Mama Ehe ni karani katika ofisi ile. Alijua. "Kila nikienda kumwona aliniuliza, swali langu bado lipo?" ananiambia. "Namjibu lipo, dada, na watu wanashukuru. Asubuhi ya mwisho sauti ilikuwa imekwisha, lakini aliuliza. Nikamwambia lipo."

Kwa fundi viatu, kwa mdogo mtu, na kwa wote waliowahi kumfungulia mlango: poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki tujitazame. Mfiwa akikujibu neno moja, usimdai la pili. Kaa naye.

Na ninyi wakubwa wa ofisi ile, najua redio ya pale mapokezi kwenu imewashwa sasa hivi. Rudisheni swali lake. Lirudisheni leo, ili mdogo wake awe hakumdanganya marehemu.