Pembe la Babu Anselme

Mheshimiwa Rabi, Bibi Huguette, wazee wa sinagogi letu, majirani wa Hattenbrunn na nyote mliotoka mbali kuja kumsindikiza, familia imeniomba mimi Salomé, mjukuu wake, niwasomee maisha ya babu yetu, nami nitayasoma kama tulivyoyakumbuka pamoja mezani jana.

Marehemu Anselme Weyl alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa Hattenbrunn, akiwa mtoto wa pili wa mzee Salomon Weyl, mfanyabiashara wa ng'ombe, na mama Fromet. Mwezi Julai 1940 familia yake, kama Wayahudi wote wa mkoa wetu huu wa Alsace, ilifukuzwa na Wajerumani, ikaondoka na masanduku machache, na miaka ya vita ikaipitisha kwa kujificha katika shamba karibu na Périgueux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Kabla ya kuondoka, mzee Salomon alimkabidhi jirani yake, mzee Kuentz, pembe la kondoo dume linalopigwa sinagogi Mwaka Mpya wetu, na mzee Kuentz akalitundika zizini katikati ya pembe za ng'ombe wake waliokufa, mahali ambapo askari waliingia na kutoka mara nyingi bila kuliona. Waliporudi mwaka 1945, nyumba ilikuwa haina milango wala vitanda, lakini pembe lilikuwa bado pale ukutani, limejaa utando wa buibui.

Alisoma shule ya kijiji hiki kuanzia Oktoba 1945 hadi Juni 1952, akasoma Torati Colmar kila Alhamisi, na mwaka 1951 akasimama mara ya kwanza kuisoma mbele ya watu. Alipomaliza shule aliingia katika kazi ya baba yake ya kununua na kuuza ng'ombe, akaifanya hadi mwaka 2001, na wenzake wa mnadani walio hapa leo wanajua kwamba alikuwa akimsifu ng'ombe wa mwenzake kwa sauti kubwa na kumponda wa kwake kwa sauti ndogo, kisha bado anamuuza.

Tarehe 11 Septemba 1961, siku ya kwanza ya Mwaka Mpya, mpigaji wetu wa pembe aliamka mgonjwa, ikabidi Anselme apande yeye jukwaani, naye hakuwa amewahi kulipiga mbele ya watu. Pumzi ya kwanza ilitoa mlio wa ndama aliyepotea, sinagogi zima likanyamaza kwa aibu, isipokuwa msichana mmoja juu kwenye roshani ya wanawake, Huguette Bollack kutoka Colmar, aliyeangua kicheko hadi shangazi yake akamfinya. Walipotoka nje Anselme alimfuata akamwambia, "Wewe dada, umenicheka mbele ya Mungu," naye Huguette akamjibu, "Kaka, wewe umemwita Mungu kama ng'ombe, nani kati yetu ana kesi?" Kesi hiyo waliimaliza kwa kufunga ndoa Jumapili ya tarehe 21 Juni 1964, wakajaliwa watoto wawili, mama yangu Liliane mwaka 1966 na mjomba Claude mwaka 1969, na baadaye wajukuu watano na vitukuu watatu.

Tangu siku ile ya ndama, babu ndiye aliyetupigia pembe kila mwaka. Wengi wenu mmekula mezani kwake usiku wa Mwaka Mpya, mkachovya tofaa kwenye asali, mkakata mkate wa duara, mkala keki ya plamu ya bibi, na mnakumbuka jinsi alivyoinua kichwa cha samaki na kuomba mwaka huu tuwe kichwa wala tusiwe mkia, halafu akampa mkia yule aliyekuwa amechelewa kufika. Hakuna aliyekula peke yake usiku huo kama babu alijua jina lake.

Februari 2021 madaktari waligundua kwamba ana ugonjwa wa mapafu. Aliendelea kupiga, lakini Mwaka Mpya wa 2022 pumzi ilimkatikia katikati, akakaa kwenye ngazi za jukwaa, akapumzika, akarudia, akapumzika tena, na hakuna mtu aliyekohoa hadi alipomaliza. Siku hiyo tulijua kinachomuumiza si kifua, ni kufikiri kwamba pembe lililookolewa zizini litanyamaza akiwa bado hai.

Baada ya majira ya baridi alimwita mume wangu Jérémie, fundi umeme, akaanza kumfundisha katika zizi lile lile la akina Kuentz. Siku ya kwanza ng'ombe waliitika, na babu akamwambia, "Hao wamekuelewa, mjukuu wangu, sasa tafuta namna ya kuwafikia watu." Siku nyingine alimwambia anapuliza kama anayepoza supu, na Jérémie akamjibu, "Babu, supu yenyewe umeipika wewe." Lakini kila Jérémie alipoharakisha, babu alimwekea kiganja mgongoni na kumwambia neno moja tu lile lile, "Taratibu, hakuna anayekuharakisha."

Mwanzoni mwa mwezi huu alilazwa hospitali, na Alhamisi tarehe 14 akaomba arudi nyumbani, akisema anataka jambo moja tu, kulisikia pembe mwaka huu. Muuguzi alituambia kwa upole kwamba huenda asiimalize Sabato. Na mwaka huu, kama mnavyojua, siku ya kwanza kati ya siku mbili za Mwaka Mpya wetu iliangukia Sabato, siku ambayo pembe haliguswi. Jumamosi asubuhi, alipokuwa akivuta pumzi kwa shida, mama yangu alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba akubali Jérémie alipige pale pale, mlio mmoja tu, kwa sauti ya chini, na babu akafumbua jicho moja akasema, "Liliane mwanangu, leo hata Mungu amelala kidogo, mimi ndiye nimwamshe?" Mama alicheka huku akilia, na tukangoja. Bibi alikaa akimshika mkono mchana kutwa, akimlambisha asali kwa kidole, akimsimulia bei za ng'ombe wa zamani ili asisinzie sana.

Babu aliifikia Jumapili akiwa hai. Baada ya sala sinagogi zima lilikuja kwa miguu hadi nyumbani kwake, wengine ngazini, wengine uani, na mama Odile Kuentz kutoka nyumba ya pili akasimama dirishani. Jérémie aliinua pembe, na mlio uliotoka ulikuwa wa ndama aliyepotea. Hakuna aliyethubutu kutazamana na mwenzake, mpaka bibi Huguette alipoangua kicheko, kile kile cha roshani, na babu naye akacheka bila sauti, mabega yakitikisika kwenye mto.

Kwa desturi yetu kuna mtu anayesimama karibu na mpigaji, akimnong'oneza kila mlio kabla hajaupiga, na babu akaishika kazi hiyo mwenyewe. Alinong'ona mlio mrefu, ukapigwa, akanong'ona mlio unaokatika, ukapigwa, akanong'ona ule wa kilio, ukapigwa, kila mmoja safi kuliko uliotangulia. Ilipofika zamu ya mlio mkubwa wa mwisho alimwona Jérémie ameanza kuharakisha, akainua kiganja kutoka kwenye shuka, akasema lile neno lake, na mlio ukatoka mrefu hadi watu wa uani wakafumba macho. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Alifariki jioni hiyo, tarehe 17 Septemba 2023, jua likiwa halijazama, akiwa mikononi mwa bibi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu na kuturuhusu kumrudisha nyumbani, wafanyabiashara wenzake wa mnadani, waumini waliotembea hadi kwetu wakiwa na mavazi ya sikukuu, na majirani zetu akina Kuentz, ambao ukuta wao ulitutunzia pembe, na ambao jana walituletea supu bila kubisha mlango.

Babu, pembe liko kwa Jérémie, na wewe umelisikia. Pumzika kwa amani, Babu, taratibu, hakuna anayekuharakisha.