Mzee Aliyeniachia Kondoo Laini

Bi Heather Maclure, mwenye shamba hili la Mulgadoo. Bwana Neville Pascoe, bosi uliyetukusanya. Mama Rhonda wa jikoni. Wanyoaji wenzangu, wafagia sufu na wafunga marobota. Na mbwa wa Neville, maana naye kafanya kazi kuliko baadhi yetu. Habari za jioni.

Mzee Vern Tolhurst, shikamoo.

Mnanijua. Mimi Corey siongei. Mnyoaji mwenzetu Tane alisema juzi, "Huyu akihutubia, tutamaliza kondoo wote kabla hajaanza." Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne, na karatasi hii nimeiandika siku tatu. Lakini Mzee alipoulizwa nani amuage, alisema, "Corey, au msiniage kabisa." Sasa ningefanyaje?

Mwaka juzi, msimu kama huu, niliugua sonona. Jina lake sikulijua. Nilijua tu kwamba asubuhi miguu haitaki kushuka kitandani, chai haina ladha, na mkono wenye mashine ya kunyolea ni mzito kama umebeba kondoo mzima. Na sisi hapa tunalipwaje? Kwa kichwa, kila kondoo na bei yake. Nilikuwa nanyoa mia na arobaini kwa siku. Nikashuka mia na ishirini, nikashuka mia na moja. Malipo yakipungua najiona si kitu. Nikijiona si kitu, mkono unazidi kuwa mzito. Kipi kilitangulia, ugonjwa au ufukara? Mimi nilikuwa ndani ya kinu, nisingeweza kujua.

Bosi akaniita. Bwana Neville, usiinamishe kichwa, ulikuwa unafanya kazi yako. "Corey," akasema, "chini ya mia siwezi kukubeba. Basi la Ijumaa lina nafasi."

Niseme ukweli mbele yenu. Ningepanda lile basi, nyumbani nisingefika. Nilishaamua. Mnanielewa.

Sasa, mimi na Mzee Vern tulikuwa tunachukua kondoo kizizi kimoja. Desturi mnaijua: kila anayeingia huchagua laini, mwenye ngozi iliyonyooka, asiyepiga mateke. Yule mwenye makunyanzi shingoni kama soksi iliyoshuka anaachwa, anaachwa, mpaka ashike mkia, na atakayemkuta ni shauri yake. Kizizini hakuna urafiki. Hata baba na mwana huachiana mkorofi.

Wiki ile hesabu yangu ikaacha kushuka. Mia na nne. Mia na tisa. Nikadhani napona. Lakini mtu asiyeongea hutazama, nami nikatazama. Kila nikiingia, kondoo laini wamesimama wananisubiri kama wageni wa harusi. Na kila Mzee akitoka, na mgongo wake ule wa kufungwa mkanda, anamburuta mwenye makunyanzi. Yeye aliyekuwa wa kwanza banda zima akashuka mpaka wa tano.

Tane akamtania, "Babu, umekwisha! Tukutafutie kazi ya kufuma soksi?"

Mzee akajibu, "Nitaanza na zako, zinanuka mpaka kondoo wanakohoa."

Tukacheka wote.

Saa ya chai nikamfuata. "Mzee, unaniachia kondoo."

"Mimi? Macho haya hayatofautishi kondoo na mbwa."

"Unapoteza hela yako."

Akaweka kikombe chini. "Sikiliza, dogo. Ukishuka chini ya mia, unaondoka. Ukiondoka, unalala. Ukilala, huamki. Nimezika wawili namna hiyo, na wote walinizidi kunyoa. Kondoo laini hawatakuponya. Watakushikilia tu hapa mpaka Jumamosi, nikupeleke kwa daktari."

Jumamosi akaendesha gari mwendo wa saa tatu, redio imezimwa, haniulizi kitu. Daktari akaniuliza kama nina huzuni. Nikamwambia, "Sina huzuni, sina hela." Akatabasamu kidogo. "Kijana, hayo mawili mara nyingi hukaa nyumba moja."

Bi Heather ameniruhusu niseme hili. Mumewe, Bwana Alistair, aliwahi kuugua ugonjwa huohuo, na ardhi yote hii ni yao. Kwa hiyo sitasema sonona ni ya maskini. Lakini Bwana Alistair alipolala miezi miwili, sufu iliendelea kuota migongoni mwa kondoo wake. Mimi nikilala siku moja, siku hiyo sina changu. Ugonjwa haukuangalia mfuko wa mtu. Kupona ndiko kunakoangalia. Asante, Bi Heather, kwa kuliona hilo, maana tangu mwaka jana mnyoaji akiugua hapa, hata ugonjwa usiofungwa bandeji, siku zake analipwa. Asante, Bwana Neville, kwa kukubali. Asante, Mama Rhonda, kwa ile sahani iliyofunikwa uliyokuwa ukiniwekea, hukuuliza hata mara moja kwa nini sikuja mezani.

Halafu leo. Wenzetu mlikuwa mmeshazima mashine. Kizizini walibaki wawili: mmoja laini, mpole, na yule mkorofi mwenye makunyanzi mliyemkwepa tangu asubuhi. Ndiyo, mliona, msijifanye. Baada ya miaka arobaini na nne, mmoja wa hao ndiye angekuwa kondoo wa mwisho wa Mzee Vern. Nikamwona anajinyoosha, anashika kiuno, anaelekea kizizini mbiombio, na nikajua anamfuata yupi. Nikaruka. Nikamkamata mkorofi, nikamburuta.

Mzee akabaki mlangoni. "Mwizi we! Huyo wangu!"

"Wako yule pale, Mzee. Anakusubiri."

Mliona alivyomnyoa taratibu, sufu ikatoka nzima kama shuka. Wangu kanipiga teke la goti, ndiyo maana nimesimama upande. Sijawahi kufurahia teke namna hii.

Mzee, nenda kapumzishe mgongo. Atakayeshika nafasi yako, mimi nitakuwa jirani yake, na nitamtazama.

Asanteni kwa kuninyamazia leo. Siku zote anayenyamaza ni mimi.