Nne ya Mzee Wilbroad

Baada ya miaka kumi na minne kwenye maikrofoni, Mzee Wilbroad anastaafu tarehe 13 Februari kutoka Redio Jirani, redio yetu ya mtandaoni hapa Mesquite, kando ya Dallas. Wanaoshangilia kuondoka kwake wasubiri nje. Ukumbi huu ni wa wenye shukrani.

Alikuja akitokea kazi ya ghalani, na hoja moja: katika futiboli ya Kimarekani kila mtu hutazama mpira, ndiyo maana kila mtu husema upuuzi. Yeye aliwatazama wale mabaunsa watano wanaomkinga mrushaji asiangushwe, hasa yule wa akiba, anayeingia mwenzake akiumia. Kila Jumatatu alimpa alama juu ya kumi, hewani, bila huruma.

Msimu wa juzi Kibet, kijana wa Missouri City, jirani na Houston, aliingia kama mchezaji wa akiba wa timu ya Houston, wakawafunga wa Dallas. Watu wakapika pilau kwa ushindi wa kijana wa kwetu. Wilbroad akampa nne. Simu zikawaka. Wasikilizaji wa mtaa wa DeSoto walimwita msaliti. Mkurugenzi wetu, Kalisti, akatangaza kwamba nne isipopanda, kipindi kinafutwa. Wilbroad akasema afadhali kifutwe kuliko kumlisha msikilizaji saba ya bandia.

Ndipo akatokea mama mzazi wa Kibet, Cherotich, muuguzi, ameendesha gari kutoka Missouri City na sare ya zamu bado mwilini. Hakusalimia. "Mzee, kijana wangu ameshinda na unampa nne? Kwani uliangalia mechi gani?"

Wilbroad alimvutia kiti, akawasha video, akaziba mpira kwa kidole gumba. Mama akaona mwanawe anapitwa, anapitwa tena, na mrushaji anaokolewa na mbio zake mwenyewe.

"Ai! Huyu alikuwa amelala! Nne ya nini? Si umpe tatu!"

Wilbroad akakataa katakata. Robo ya mwisho kijana alisimama kama ukuta. Nne ni haki yake. Kalisti, aliyekuwa mlangoni, alirudi ofisini, na kipindi kikabaki.

Sasa kiti cha Wilbroad anakirithi Cherotich. Wapo wanaonung'unika kwamba mama hawezi kumhukumu mwanawe. Hao hawajawahi kulelewa na mama wa Kikenya. Jumatatu iliyopita, kwenye majaribio ya kipindi, alimpa Kibet mbili na nusu, na aliyemwombea kijana nyongeza ni Wilbroad.

Asante, Mzee. Tunakuombea afya, usingizi wa Jumatatu asubuhi, na walau mechi moja ya kutazama mpira.